Peni ya Henry aliyekwisha kufa: uchambuzi wa sarafu moja ya msalaba mfupi

Tangazo linasema hivi: peni ya fedha, Henry wa Pili wa Uingereza, msalaba mfupi, 1180–1189, hali nzuri, pauni 130. Picha ni mbili, moja ya kila upande. Uzito haukutajwa, kipenyo nacho hakikutajwa. Upande wa sura, maandishi HENRICVS REX, yaani Mfalme Henry, yanasomeka hata na asiye mzoefu. Mnunuzi mgeni anafungua orodha ya wafalme, anakuta Henry wa Pili alitawala tangu 1154 hadi 1189, anaona tarehe zinakubaliana na tangazo, anatoa pauni zake. Ameshaumia, ingawa sarafu ni ya kweli na fedha yake ni fedha. Kilichomponza ni kuamini jina la mfalme, ilhali kwenye sarafu za aina hii jina hilo halithibitishi tawala.

Kisa ni cha mfano, lakini sarafu za namna hii hupita minadani kila wiki, na kosa lake ni lilelile. Tuifuate hii moja hatua kwa hatua.

Peni ya msalaba mfupi ilianza kufuliwa 1180, Henry wa Pili alipoiondoa aina mbovu iliyotangulia na kumwita fundi wa kigeni, Philip Aymary wa Tours, aisimamie kazi mpya. Ilidumu hadi 1247. Ndani ya miaka hiyo 67 walipita wafalme wanne: Henry wa Pili, Richard wa Kwanza, John, na Henry wa Tatu. Jina halikubadilishwa hata mara moja. John aliweka jina lake kwenye peni za Ireland, IOHANNES REX, lakini za Uingereza akaziacha zikiwa na jina la baba yake. Wala hakuna namba baada ya jina. Namba ya mfalme ilikuja na msalaba mrefu wa 1247, pale peni zilipoanza kusoma REX III au REX TERCI, yaani mfalme wa Tatu.

Msomaji wa pwani hatalishangaa jambo hili. Reale ya Sham iliyozunguka Unguja na Maskati ilikuwa na sura ya Maria Theresa aliyefariki 1780, na ikaendelea kufuliwa zaidi ya karne nzima baadaye ikiwa na mwaka uleule wa 1780. Mfanyabiashara alishaizoea sura ile, akitia shaka kila iliyotofautiana nayo. Fedha ya Uingereza ilivuka bahari kwenda Ulaya bara kwa mtindo huohuo: ikiaminika, haiguswi.

Igeuze kwanza

Ushahidi uko upande wa pili. Katikati kuna msalaba wa mistari miwili sambamba, mfupi, unaoishia kwenye duara la ndani bila kugusa maandishi. Kila pembe ya msalaba ina ua dogo la vitone vinne. Kama pembe zina nyota badala ya ua, umetoka Uingereza na kuingia Scotland, kwa mfalme William. Soma upande wa sura uone kama ni LE REI WILAM. Kama msalaba unafika ukingoni na pembe zina vitone vitatu vitatu, hiyo ni ya 1247 au baada yake, na uchambuzi huu hauihusu.

Maandishi huanzia kwenye kimsalaba kidogo kilicho juu na kuzunguka kama mshale wa saa. Mpangilio wake ni jina la mfua sarafu, kisha ON, kisha mji. Yaani: fulani, wa mahali fulani. Mfua sarafu alitajwa ili abanwe. Mfalme Henry wa Kwanza, majira ya Krismasi 1124, aliwaita wafua sarafu Winchester na wengi wakakatwa mkono wa kulia kwa kufua fedha hafifu. Utaratibu wa kuandika jina ulikuwa na maana yake. Uliendelea hadi 1279, Edward wa Kwanza alipobakiza mji peke yake, isipokuwa Bury St Edmunds ambako jina la ROBERT DE HADELEIE liliendelea kuonekana kwa muda.

Sarafu yetu inasoma +ILGER·ON·LVNDE. Ilger wa London.

Ugumu wa kusoma hauko kwenye Kilatini bali kwenye herufi zenyewe. N huonekana kama H au kama vijiti viwili vilivyosimama. U huandikwa V. C na E za duara hufanana mno zikichakaa. Herufi mbili jirani huunganishwa zikatumia mguu mmoja, hasa N na D, au N na R. Tena kuna kupigwa mara mbili: chapa ya juu ikiruka kidogo, nyundo ikirudi, kila herufi inapata kivuli chake. Njia ya kufaa ni kuandika kwenye karatasi herufi zile tu unazoziona kwa hakika, ukiacha nafasi wazi kwa zisizoonekana, kisha kulinganisha na orodha ya wafua sarafu wa mji ule. Anayeanza na orodha kabla ya kuandika hujikuta anaona jina analolitaka.

Orodha ndiyo inayomwangusha muuzaji. Wataalamu wamezigawa peni za msalaba mfupi katika madaraja, yaani makundi yanayofuatana kwa wakati. Henry wa Pili anamiliki daraja la kwanza tu, 1180 hadi 1189. Wafua sarafu wa London wa daraja hilo wanajulikana: Aimer, Alain, Davi, Fil Aimer, Godard, Henri, Osber, Pieres, Raul, Reinald na wenzao. Ilger hayumo. Yeye ni mtu wa karne ya 13, na kwenye daraja la saba anasimama pamoja na Abel, Giffrei, Ledulf, Ricard, Terri na Adam. Jina moja la herufi tano limeshaivua sarafu utawala wake.

Mji nao husaidia, wakati mwingine kwa haraka zaidi. Canterbury haikufua daraja la kwanza. Kwa hiyo tangazo lolote la peni ya msalaba mfupi ya Henry wa Pili yenye ON CANT, ANT au CA ni kosa bila hata kuangalia sura, na matangazo hayo si machache, kwani Canterbury ilikuja kuwa moja ya karakana kubwa kabisa. Kinyume chake, Wilton, Worcester na Oxford zikiwa na herufi safi na sura nzuri huelekeza mwanzoni. Kufikia miaka ya 1220 na kuendelea, karibu kazi yote ilikuwa imebaki London, Canterbury na Bury St Edmunds.

Sura: inasaidia, lakini haitoshi

Mpangilio wa madaraja haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1864 ilifukuliwa akiba ya peni zaidi ya 6,000 huko Eccles, karibu na Manchester, na mwaka uliofuata mtaalamu wa sarafu John Evans akaonyesha kwamba zinaweza kupangwa kwa mfuatano wa sura na wafua sarafu, ukapita tawala zote nne. L. A. Lawrence aliongeza madaraja yakawa manane mwaka 1915. Akiba mbili za Colchester, ya 1902 yenye peni zaidi ya 10,000 na ya 1969 yenye zaidi ya 14,000, zikayapima matokeo hayo. Kabla ya Evans, mabingwa walikuwa wakibishana kama sarafu zote hizi ni za Henry wa Pili au zote za Henry wa Tatu. Kwa hiyo muuzaji wetu hana lazima awe tapeli. Huenda ana kibahasha cha zamani chenye maandishi ya mkono ya mtu aliyemtangulia, akakinakili.

Sasa shika lenzi ya kukuza mara 10 na taa ya mezani uliyoiinamisha hadi mwanga upite karibu sambamba na uso wa sarafu. Daraja la kwanza, katika kazi zake nzuri, lina lulu tano kwenye taji, mikunjo miwili ya nywele kushoto na mitano kulia. La pili lina ndevu za mikunjo midogo kidevuni bila sharafa, na mara nyingine fimbo ya kifalme hukata neno la mwisho RE/X badala ya R/EX. La tatu lina sharafa, na lulu kwa kawaida ni saba. La nne hufanya ndevu kwa vitone tu. Mwaka 1205 John alizifua upya sarafu za nchi, sura ikatengenezwa, S iliyogeuzwa ikajitokeza kwa muda, na tangu hapo mikunjo ya nywele mara nyingi hubeba kitone katikati. La sita lina herufi ndefu zilizokonda. La saba, lililoanza karibu 1217 na kudumu takriban miaka 25, lina kisura kidogo kilichobanana mwanzoni (7a), kisha sura inayoharibika na herufi ndefu (7b), halafu herufi kubwa zaidi (7c). La nane huamuliwa kwa umbo la X.

Kwenye sarafu yetu, mikunjo ina vitone. Hilo peke yake linatosha kuitoa kabla ya 1205, na linaafikiana na Ilger. Herufi ni ndefu, uso umechongwa kivivu. Hapa wengi hutumia kipimo cha herufi A: 7a mara chache ina kifuniko, yaani kijistari cha kulala, juu ya A, 7b kwa kawaida inacho. Lakini soma tena: HENRICVS REX, ILGER ON LVNDE. Hakuna A hata moja kwenye sarafu nzima. Kipimo maarufu kuliko vyote hakifanyi kazi kwa mfua sarafu huyu, na anayekuambia amekitumia hajaiangalia sarafu. Tunabaki na urefu wa herufi na ubovu wa sura, navyo vinaelekeza 7b. Tunaiandika 7b.

Neno kuhusu lulu: zihesabu mara mbili, siku mbili tofauti. Taji ndiyo sehemu iliyoinuka, huchakaa mapema, na lulu mbili zilizosagika huonekana moja.

Uzito, ukingo na maji

Muuzaji aombwe vitu vitatu kabla ya kuzungumzia bei: uzito hadi mia moja ya gramu, kipenyo kwa milimita, na picha ya ukingo. Anayekataa kupima amekujibu tayari.

Kipimo cha kisheria kilikuwa peni 240 kutoka kwenye pauni ya Tower, kipimo cha uzito cha enzi zile, yaani takriban gramu 1.46 kila moja, kwa fedha ya sehemu 92.5 kwa mia. Kipenyo huwa milimita 18 hadi 19. Sarafu yetu, muuzaji alipoombwa kuipima, ina gramu 1.34. Upungufu ni gramu 0.12, kama asilimia 8, na swali ni ulikokwenda. Kuchakaa mfukoni husaga miinuko na kuacha herufi bapa lakini kamili. Mkasi hula ukingo: herufi zinakatwa vichwa, na duara la nje la vitone linatoweka upande mmoja. Kutu ya ardhini hula kote, uso unabaki wa chengachenga. Kwenye picha zetu herufi zote zina vichwa, ila zimelainika. Ni uchakavu wa kawaida. Ingekuwa gramu 1.15 na nusu ya maandishi haina vichwa, hiyo ni iliyonyofolewa, nayo hushuka bei bila kujali sura.

Msishangae kukuta nusu au robo iliyokatwa kwa kufuata mistari ya msalaba. Hiyo haikuharibiwa, ndiyo ilikuwa chenji ya siku zile, kabla Edward wa Kwanza hajatoa nusu peni na robo peni za duara karibu 1280. Robo ikiwa na jina la mfua sarafu linalosomeka ni kitu kizuri kwa anayeanza.

Kuhusu kughushi, ukingo husema mengi. Peni ya nyundo ilikatwa kutoka bamba lililofuliwa, kisha ikapigwa katikati ya chapa mbili. Ukingo wake hauna usawa, pengine una nyufa ndogo zilizopasuka kwa kishindo. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina mshono uliopigwa tupa, vishimo vya duara vya hewa, na herufi zinazopanda polepole kama mkate badala ya kusimama kwa kingo kali. Ukikutana na sarafu mbili zenye kasoro moja mahali pamoja, mkwaruzo mmoja, ufa mmoja, ujue zimetoka kwenye kalibu moja. Zile za shaba iliyopakwa fedha, ambazo zilighushiwa enzi zilezile, hujifichua kwa wekundu kwenye miinuko. Kisha ziko za Ujerumani, upande wa Westphalia, zilizoiga msalaba mfupi kwa sababu ulipendwa sokoni. Maandishi yake huvurugika au hutaja mtawala wa huko. Hizo si takataka, zina wakusanyaji wake, na baadhi huuzwa ghali kuliko asili.

Kuna wanaoshauri kupima msongamano kwa kuitundika sarafu majini. Kwa peni fanya hesabu kwanza. Gramu 1.34 za fedha ya kiwango hiki, yenye msongamano wa takriban 10.3, husukuma maji ya gramu 0.13. Ya shaba tupu ingesukuma 0.15, ya risasi 0.12. Mzani wa mia moja ya gramu ukikosea tarakimu moja tu, fedha inageuka risasi. Bila mzani wa elfu moja ya gramu, na bila kuondoa viputo vilivyoganda kwenye herufi, jaribio hilo halina faida. Lafaa zaidi kwa reale, iliyo nzito.

Bei, na maswali ya umiliki

Peni ya daraja la 7 ya London ni miongoni mwa zilizo nyingi kabisa katika fedha zote za Uingereza za karne za kati. Muuzaji aliyeomba pauni 130 aliweka ndani ya bei jina la Henry wa Pili, pamoja na mvuto wa Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa zama zake, na malkia Eleanor, mkewe, anaouvuta nyuma yake. Kwa hali hii, maandishi kamili lakini sura imelainika, hatuoni sababu ya kuvuka nusu ya kiasi hicho. Ujumbe kwa muuzaji uwe mfupi na wa adabu: taja jina la mfua sarafu, taja daraja, taja uzito, toa bei yako. Usimwite mwongo. Wengi hurekebisha tangazo na kushukuru. Akishikilia, kuna Ilger mwingine wiki ijayo.

Mnadani hesabu ni nyingine. Nyundo ikigonga kwa pauni 100 na nyumba ya mnada ikitoza asilimia 20 kwa mnunuzi, pamoja na kodi ya asilimia 20 juu ya tozo hiyo, unalipa 124 kabla ya posta na ushuru wa forodha wa nchi yako. Weka kikomo chako kwa kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Uliza ilikotoka. Chini ya sheria ya hazina ya 1996 inayotumika Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha kutoka mahali pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, ni hazina na lazima ziripotiwe. Moja pekee kwa kawaida si hazina, lakini aliyeiokota kwa kipima metali anaweza kuisajili kwa hiari, na tangu 1997 kuna mpango wa taifa wa kusajili vitu vilivyookotwa. Namba ya usajili ikiwapo, iandike. Inaongeza thamani kuliko kung'aa kokote. Muuzaji mwenye Ilger kumi na tano zenye udongo wa rangi moja na asiyetaka kusema zilikotoka, mwache. Na kabla ya kulipa, thibitisha naye kwa maandishi nani anashughulikia kibali cha kuitoa sarafu nchini kama kinahitajika.

Ikishafika

Ishike kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, si juu ya sakafu ya vigae. Fedha iliyokaa ardhini miaka 800 huwa kavu kama biskuti, ikianguka hupasuka. Ikiwa imepinda, iache imepinda. Wengi wamejaribu kuinyoosha kwa vidole wakabaki na nusu peni mbili ambazo hazikukatwa na mtu wa enzi zile.

Usiisugue. Soda, dawa ya meno, majivu, limau, karatasi ya alumini na chumvi: vyote huondoa weusi wa umri na kuacha mng'ao mweupe usio na kina pamoja na mikwaruzo midogo ambayo mnunuzi mzoefu huiona papo hapo. Kwa udongo mkavu, maji safi yaliyochujwa, loweka, badilisha maji, kausha kwa kugusishia kitambaa bila kufuta.

Mfuko wa plastiki laini wenye harufu, ule wa PVC, baada ya muda huacha utelezi wa kijani. Tumia kibahasha cha karatasi isiyo na asidi au kifuko cha polyester. Kwa anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, hewa ya chumvi ndiyo adui: boksi linalofunga vizuri, vipakiti vya silika vinavyobadilishwa au kukaushwa, na mbali na mipira ya kufungia, sufu na magazeti, kwani salfa yake hufanya fedha iwe nyeusi kwa madoa.

Kibahasha kiandikwe kwa penseli kabla sarafu haijaingia ndani: Henry wa Tatu, peni, msalaba mfupi, daraja la 7b, London, mfua sarafu Ilger, HENRICVS R/EX, +ILGER·ON·LVNDE, gramu 1.34, milimita 18.5, bei na tarehe ya kununua. Kikaratasi cha zamani kilichosema Henry wa Pili kisitupwe. Kiwekwe nyuma yake, na pembeni yake neno moja: limesahihishwa.